Je, miradi ya TEHAMA ipimwe peke yake? Jibu kwa katibu wa kamati ya uwekezaji, Moshi

Msomaji wetu wa Moshi ameandika kwamba kampuni anayoifanyia kazi inapandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ina hoteli ndogo na karakana ya magari yake yenyewe, na kwamba bodi imeunda kamati ya uwekezaji ambayo yeye ni katibu wake. Kila ombi la mradi hujazwa katika fomu moja yenye alama za gharama, faida inayotarajiwa, muda wa kurudisha mtaji na hatari. Mkuu wa TEHAMA amekataa miradi yake kupimwa kwa fomu hiyo, akisema kuwa usimamizi wa potifolio ya miradi ya teknolojia ni taaluma nyingine kabisa. Mkurugenzi wa fedha amemjibu kwamba shilingi ni shilingi, iwe imenunua gari au imenunua programu. Katibu anauliza nani kati yao ana haki, na kamati ifanye nini katika kikao kijacho.

Ndugu katibu, jibu langu ni kwamba mkurugenzi wa fedha ana haki kuhusu meza na mkuu wa TEHAMA ana haki kuhusu fomu. Maamuzi yote ya uwekezaji yabaki kwenye meza moja, mbele ya watu walewale na kwa fedha zilezile. Lakini fomu inayopima gari vizuri hupima mfumo wa kompyuta vibaya, na makosa yake hayaonekani siku ya kuidhinisha bali mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati fedha zimekwisha kutoka.

Tuanze na anapokosea mkuu wa TEHAMA. Kusimamia potifolio ni kuitazama, kuichagua na kuifuatilia miradi yote ya taasisi kwa pamoja badala ya mmoja mmoja, na wazo hilo halikuzaliwa katika teknolojia. Msingi wake wa kihesabu uliwekwa mwaka 1952, mwanauchumi Harry Markowitz alipoonyesha kwamba hatari ya kundi la hisa haipatikani kwa kujumlisha tu hatari ya kila hisa, bali hutegemea pia jinsi hisa hizo zinavyopanda na kushuka pamoja au kwa kupishana. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Mwaka 1970 kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group ilileta utaratibu wa kuvipanga vitengo vya kampuni kubwa kwa kuangalia kasi ya ukuaji wa soko na sehemu ya soko ambayo kila kitengo kinaishika. Ilipofika mwaka 1981 ndipo F. Warren McFarlan wa Chuo Kikuu cha Harvard alipowaambia wakuu wa makampuni kwamba mifumo ya habari nayo itazamwe hivyohivyo. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya Clinger-Cohen, iliyozitaka taasisi za serikali yake kuu ziwe na utaratibu wa kuchagua, kusimamia na kutathmini uwekezaji wao katika teknolojia ya habari kwa nidhamu ya uwekezaji wa mtaji. Mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa potifolio, ISO 21504, uliotolewa kwanza mwaka 2015, umeandikwa kwa ajili ya taasisi za aina yoyote. Hakuna hapo taaluma mbili. Maswali ni yaleyale: tunataka kufika wapi, tuna uwezo wa kiasi gani, kipi kitangulie, kipi kisubiri, na kipi kisimamishwe.

Hata hivyo, kanuni kuwa moja hakumaanishi kwamba vitu vinavyopimwa vinafanana. Tofauti ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote ni namna miradi ya TEHAMA inavyotegemeana, na hapa nitakaa kwa muda kwa sababu ndipo fomu yenu inapoumiza zaidi.

Chukua maombi manne ambayo kampuni kama yenu inaweza kuyapokea ndani ya mwaka mmoja. La kwanza ni tovuti mpya, ambayo mgeni aliyeko Ujerumani ataitumia kuchagua njia ya Machame au Lemosho, kuweka tarehe na kulipa amana papo hapo. La pili ni mfumo wa nafasi za wageni, utakaochukua mahali pa daftari, jedwali la kompyuta na ujumbe wa WhatsApp. La tatu ni programu ya ghala, itakayoonyesha mahema, mifuko ya kulalia na mitungi ya oksijeni iko kwa kundi lipi na itarudi lini kutoka mlimani. La nne ni kuimarisha mtandao kati ya ofisi, hoteli na ghala, pamoja na kuweka nakala rudufu za data mahali salama. Kwa fomu yenu tovuti itaongoza, maana ndiyo inayoonekana kuleta wageni, na mtandao utashika mkia, maana hauleti mgeni hata mmoja.

Sasa fuata alama hizo uone matokeo yake. Tovuti inapokea amana ya mgeni wa tarehe 12 Julai bila kujua kama siku hiyo kuna mwongoza wageni aliye huru na mahema ya kutosha, kwa kuwa taarifa hizo bado ziko daftarini. Mtumishi wa ofisi analazimika kunakili kila oda kwa mkono kutoka kwenye tovuti, na msimu unapochanganya anasahau moja, au anaiandika katika wiki isiyo yake, hadi asubuhi ya safari makundi mawili yanajikuta yamepangiwa mahema yaleyale. Tovuti haikuwa na kasoro yoyote, bali iliwekwa juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Ingehitaji mfumo wa nafasi; mfumo wa nafasi ungehitaji kusoma taarifa za ghala; na vyote viwili vingehitaji mtandao ambao haukatiki kila mvua inaponyesha. Mradi uliopata alama za mwisho ndio ulioibeba faida ya mradi uliopata alama za kwanza.

Magari hayana tabia hiyo. Gari la tano litaingiza fedha hata kama la sita halijanunuliwa, na kamati ikiyapanga kwa alama na kukata mstari pale bajeti inapokwisha, haitakosea sana. Kwa miradi ya TEHAMA kukata mstari namna hiyo ni hatari. Alama zinapaswa kupewa mnyororo mzima, yaani mtandao, ghala, nafasi na tovuti kwa gharama yake yote na faida yake yote, kisha kamati iamue kama inautaka mnyororo huo au haiutaki. Ikiutaka, mpangilio wa utekelezaji hautokani tena na alama bali na utegemezi wenyewe. Kwa hiyo fomu iongezewe maswali mawili: mradi huu unategemea nini ambacho hatuna, na kuna nini kingine kitakachoutegemea?

Tofauti ya pili iko kwenye gharama. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba mfumo wa nafasi unauzwa kwa shilingi milioni 60. Wauzaji wengi wa programu hutoza kila mwaka ada ya leseni na matengenezo ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya bei hiyo. Tukichukua asilimia 20, ni milioni 12 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni 60 nyingine. Kamati iliyodhani imeidhinisha milioni 60 imeidhinisha milioni 120, kabla ya kuhesabu mafunzo, uhamishaji wa data za zamani na muda wa watumishi. Gari nalo lina mafuta, matairi na bima, ni kweli, ila wahasibu wenu wanazijua gharama hizo kwa kichwa na hakuna anayenunua Land Cruiser akisahau dizeli. Tena baada ya miaka mitano gari linauzika, ilhali mfumo wa zamani hauna mnunuzi, na kuutoa huwa na gharama yake, kwa sababu data za wageni waliokwisha kupanda lazima zihamishwe kwa utaratibu.

Jambo hili lina tawi moja ambalo kamati nyingi hulipuuza. Katika taasisi nyingi sehemu kubwa ya bajeti ya TEHAMA haiendi kwenye miradi mipya, inakwenda kuendesha vilivyopo. Kamati inayojadili miradi mipya peke yake inajadili kipande kidogo cha fedha na kukiacha kile kikubwa kipite bila swali. Ndiyo maana nashauri kwamba orodha ya potifolio ya TEHAMA iwe na sehemu ya mifumo inayofanya kazi sasa, kila mmoja ukiwa na gharama yake ya mwaka, anayeutumia, na tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kuuhudumia. Microsoft, kwa mfano, ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tarehe hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Taasisi iliyokuwa na orodha ya kompyuta zake iliweza kuzibadilisha kidogo kidogo. Isiyokuwa nayo ililetewa ombi la dharura ambalo kamati haikuwa na namna ya kulikataa. Ombi la dharura la aina hiyo huvuruga mipangilio yote ya alama, na mara nyingi lingeweza kuepukwa.

Kuhusu hatari, sanduku moja katika fomu lenye maneno "ndogo, ya kati, kubwa" halisaidii. McFarlan aliitaja mihimili mitatu ambayo hadi leo sijaona iliyo bora zaidi kwa taasisi ndogo: ukubwa wa mradi, uzoefu ambao taasisi yenyewe inao na teknolojia hiyo, na kiasi ambacho matokeo yanayotakiwa yanafahamika tangu mwanzo. Mhimili wa pili unastahili kusomwa mara mbili. Mfumo uleule wa nafasi, kutoka kwa muuzaji yuleyule na kwa bei ileile, una hatari ndogo kwa hoteli ambayo watumishi wake wamezoea mifumo ya namna hiyo, na una hatari kubwa kwenu mnaotoka kwenye daftari. Hatari haiko ndani ya bidhaa, na muuzaji hawezi kuwaeleza ni kubwa kiasi gani kwenu. McFarlan alisisitiza pia kwamba jumla ya hatari ya miradi yote itazamwe kwa pamoja: miradi mitatu, ambayo kila mmoja peke yake unavumilika, inaweza kuwa mzigo usiobebeka ikiendeshwa kwa wakati mmoja.

Mhimili wa tatu unatuleta kwenye jambo ambalo linampunguzia mkuu wa TEHAMA nusu ya hoja yake. Kutofahamika kwa matokeo si sifa ya teknolojia peke yake. Kampuni yenu ikiamua kuanzisha safari za baiskeli kuzunguka mlima, nani anajua wageni watakuwa wangapi, watalipa kiasi gani na watataka nini? Mradi huo unafanana zaidi na mfumo mpya wa kompyuta kuliko unavyofanana na ununuzi wa gari, na kununua kompyuta kumi za ofisi kunafanana zaidi na kununua gari kuliko na kujenga mfumo. Mpaka wa kweli, kwa maoni yangu, haupiti kati ya TEHAMA na biashara. Unapita kati ya ununuzi wa kitu kinachojulikana na kazi ya kubadilisha namna watu wanavyofanya mambo, ila miradi mingi ya TEHAMA imeangukia upande wa pili. Kwa miradi ya upande huo, popote itokako, fedha zitolewe kwa hatua: kiasi kidogo cha kujaribu na njia moja ya mlima au na wakala mmoja wa nje, kisha kamati iangalie kilichoonekana, kisha ndipo itoe kiasi kinachofuata au isimamishe. Kipimo cha kusimamisha kiandikwe siku ya kuanza, wakati hakuna mtu ambaye amekwisha kuupenda mradi kiasi cha kushindwa kuuacha.

Nije sasa kwenye watu, maana hapa ndipo mipango mingi ya mwaka inapokwama bila mtu kuelewa sababu. Fedha zikipatikana, magari mawili yanaweza kuagizwa kwa pamoja na dereva wa kila moja akapatikana. Miradi mitatu ya TEHAMA, hata ikiwa na fedha kamili, inawahitaji watu walewale wawili au watatu, na kuongeza watu wapya katikati ya kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa kuwa waliokuwepo huacha kazi ili kuwafundisha. Tena mtu anayehitajika zaidi mara nyingi si fundi. Ni yule dada wa ofisini anayejua kwamba kundi la wanafunzi hulipa kwa awamu, kwamba wakala fulani hubadilisha idadi ya wageni wiki moja kabla, na kwamba ada ya hifadhi isipolipwa mapema kundi litachelewa getini. Asipokaa na watengenezaji, mfumo utajengwa kwa kubahatisha.

Na lini atakaa nao? Wageni wa Kilimanjaro huja kwa wingi Januari na Februari, kisha tena kuanzia Juni hadi Oktoba. Nafasi ya kubadilisha mfumo bila kuhatarisha safari za watu ni wakati wa masika, Aprili na Mei, na dirisha jingine dogo Novemba. Hicho ndicho kikomo chenu halisi, na fomu yenu haikijui, kwa sababu inauliza shilingi tu. Iulize pia: nani kwa jina, kwa wiki ngapi, katika miezi ipi. Mkizijumlisha wiki za dada huyo kwa Aprili na Mei, mtagundua haraka kwamba kati ya miradi mitano mliyoiidhinisha kwa fedha, nguvu kazi inatosha miwili tu, na ni heri kuligundua hilo mezani.

Faida nayo inahitaji mwenyewe, na hapa nasimama kabisa upande wa mkurugenzi wa fedha. Gari likifika linabeba wageni. Mfumo ukifika haufanyi chochote mpaka watu waache daftari, na mkuu wa TEHAMA hana mamlaka ya kuwaamuru watu wa mapokezi, ghala na uhasibu waliache. Kwa sababu hiyo ombi lolote ambalo mwenye faida yake ameandikwa kuwa ni idara ya TEHAMA lirudishwe, isipokuwa ni la miundombinu ambayo wote wanaitumia. Meneja wa safari aseme, kwa sahihi yake, kwamba mfumo huu ukikamilika atapunguza jambo fulani kwa kiasi fulani kufikia mwezi fulani, na arudi kwenye kamati kuulizwa. Miradi ikitengwa katika potifolio ya TEHAMA inayojadiliwa na watu wa TEHAMA pekee, ahadi hiyo haina wa kuitoa wala wa kuidai, na mifumo hununuliwa ikakaa bila kutumika.

Liko kundi moja la miradi ambalo halipaswi kupewa alama kabisa, nalo ni la yale yanayotakiwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ninyi mnakusanya nakala za hati za kusafiria na fomu za afya za wapandaji, na sheria inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuzihifadhi salama si mradi wa kushindanishwa na tovuti. Fedha zake zitengwe kwanza, kinachobaki ndicho kishindaniwe. Kwa upande mwingine msiliache kundi hili liwe kichaka. Kila anayesema "ni lazima" aonyeshe kifungu cha sheria, mkataba au tarehe ya mwisho, na akishindwa ombi lake lirudi kwenye foleni pamoja na mengine.

Kwa kikao kijacho, basi, msivunje kamati wala msianzishe ya pili. Bodi igawe fedha za mwaka katika mafungu makubwa, yaani yanayolazimika kisheria, kuendesha vilivyopo, ununuzi wa vitu vinavyojulikana, na kazi za mabadiliko, bila kujali zinatoka idara gani. Fomu ya sasa ibaki kwa fungu la tatu, ambako inafanya kazi vizuri. Kwa fungu la nne andaeni ukurasa wa ziada wenye maswali niliyoyataja: utegemezi, gharama ya miaka mitano, mihimili mitatu ya hatari, watu na miezi, mwenye faida, na kipimo cha kusimamisha. Mkuu wa TEHAMA apewe kazi ya kuichora ramani ya utegemezi wa maombi yote kabla ya kikao, maana hakuna mwingine wa kuichora, na mkurugenzi wa fedha aidai gharama ya miaka mitano kwa kila ombi, yakiwemo ya hoteli na karakana.

Anzeni na orodha ya mifumo iliyopo. Inaweza kuandikwa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, haihitaji programu ya kununua, na ikikamilika itawaonyesha leseni mnazozilipia bila kuzitumia. Huenda fedha hizo zikatosha kuanzia mradi wa kwanza wa mnyororo, ule wa mtandao ambao fomu yenu iliupa alama za mwisho.